Nilimpeleka Bwana Msa Mbale

Wapo watu wanaokata tiketi ya ndege kwenda London kuona nyumba ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mtu huyo ni Sherlock Holmes, mpelelezi wa vitabu vya Arthur Conan Doyle. Vitabuni anakaa namba 221B, Baker Street. Wakati Doyle anaandika, namba za mtaa ule hazikufika huko, lakini tangu 1990 pana makumbusho yenye namba hiyo mlangoni, na watu wanapanga foleni kuona chumba chake kama vile ametoka kidogo tu na atarudi.

Mpelelezi wangu mimi ni Bwana Msa wa Unguja. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, nilikipata hapa hapa Kyangwali, kwa ndugu mmoja aliyekaa kambi ya Nyarugusu kule Tanzania kabla ya kufika Uganda. Hakina jalada, na kurasa nne za mwanzo hazipo. Tunakisoma Jumamosi jioni chini ya mti karibu na shule, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza. Sisi tuliotoka Ituri Kiswahili chetu ni cha Bunia, kwa hiyo mara nyingi tunasimama kubishana neno fulani la Kiunguja lina maana gani. Hata hivyo hakuna anayeondoka kabla ya giza.

Kwa asiyemjua: mtunzi wake ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Hadithi hiyo ilishinda shindano la kutunga hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, lililoandaliwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki, na ikachapishwa 1960. Ndani yake maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wa kale walikuwa wanaombea. Unajua watu watasema nini. Bwana Msa anakuja na kiko chake mdomoni, rafiki yake Najum yuko pembeni, na anaanza kuuliza maswali madogo madogo. Nani alikuwa wapi? Saa ngapi? Nani alimwona nani? Wachambuzi wanasema mtunzi alimtazama Holmes alipomuumba Bwana Msa, na Najum ndiye Dk. Watson wetu. Sitawaambia mwisho, maana wengine bado hatujawafikisha.

Jumamosi moja kijana akauliza: mwalimu, hizo sehemu za Bwana Msa zipo kweli? Tunaweza kwenda kuziona? Nikamwambia Unguja ipo, Makunduchi ipo. Kwenda ndiyo kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea ndani ya nchi, lakini kuvuka mpaka kunataka hati ya kusafiria, na foleni ya hati hiyo wengi mnaijua. Basi tukacheka, yakaisha.

Mwaka jana mwezi wa saba nikapata safari yangu. Haikuwa ya Unguja. Ilikuwa ya Jinja na Mbale, na niliyemsindikiza alikuwa dada yangu na mtoto wake wa miezi mitano.

Mtoto alizaliwa Februari, mzima. Kufikia mwezi wa tano kila mtu katika bloku yetu aliona kwamba kichwa chake kinakua kuliko mwili. Ngozi ya utosi ilikuwa imevimba na kukaza. Macho yalianza kutazama chini, weupe ukaonekana juu, kama jua linapozama ziwani. Alikuwa anatapika, analia kwa sauti nyembamba usiku kucha.

Sasa, katika bloku yetu kuna bibi mmoja anayeishi peke yake. Wanawe wawili hakuvuka nao ziwa mwaka 2018, na hapendi kuulizwa. Nyumba yake ya kwanza ilianguka kwa mvua, akahamishiwa kiwanja kilicho jirani na dada yangu. Kwa kuwa alimwona dada amechoka, alikuwa anakuja asubuhi kumwogesha mtoto. Basi maneno yakaanza kisimani. Eti tangu huyu mama afike ndipo kichwa cha mtoto kilipoanza kukua. Eti mbona hana mtu? Eti mikono yake. Kisha usiku mmoja mtu akatupa mawe kwenye bati lake.

Nataka kusema ukweli hapa, maana insha ya historia bila ukweli ni porojo. Mimi mwalimu, msomaji wa Bwana Msa, sikumtetea. Sikusema kwamba ni mchawi, lakini nilikaa kimya, na moyoni nilikuwa na lile swali. Wiki nyingi tulizipoteza kwa kungoja na kwa dawa za kienyeji. Mwishowe mhudumu wa afya alipita nyumba kwa nyumba, akapima kichwa cha mtoto kwa utepe, akaandika barua ya rufaa siku hiyo hiyo: Mbale, hospitali ya watoto ya CURE.

Tulipitia Hoima na Kampala, tukalala Jinja kwa mtu wa kwetu anayefanya kazi ya ushonaji karibu na soko. Dada hakuweza kuendelea siku ile, mtoto alikuwa ametapika njia nzima. Asubuhi, wao wakiwa wamelala, nilitoka kwa mguu kwenda kuona chanzo cha Naili.

Getini kuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Kijana wa tiketi aliponisikia Kiswahili changu akakaa wima. Huku watu wengi Kiswahili walikijua kwanza midomoni mwa askari. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee hawajasahau nani alikuwa anakizungumza akibisha hodi usiku. Nikatoa kitambulisho cha mkimbizi. Akakigeuza geuza. "Ssebo, wewe ni mgeni au mwenyeji?" Nikamjibu kwamba Kongo nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Akacheka, akanitoza bei ya mwenyeji.

Jinja maana yake ni jiwe. Mawe yenyewe sasa yako chini ya maji. Yale maporomoko ambayo Mwingereza John Hanning Speke aliyaona tarehe 28 Julai 1862 na kuyaita Ripon yalizama lilipojengwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Siku hizi bwawa linaitwa Nalubaale, jina la ziwa kwa Kiganda, yaani nyumbani kwa mizimu. Hapo nilitabasamu peke yangu. Bwana Msa angekuwepo angesema tumefika.

Speke ni kesi nzuri ya mpelelezi. Aliona maji yakitoka ziwani, akasema hii ndiyo Naili. Lakini hakuuzunguka ufuko wa ziwa wala hakuufuata mto hatua kwa hatua hadi Misri. Richard Burton, aliyesafiri naye mara ya kwanza, alimpinga hadharani. Waliandaliwa mjadala kule Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikuwa anawinda, akapanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake mwenyewe ikampiga ubavuni, akafa. Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali. Watu wamebishana hadi leo. Miaka kumi na moja baadaye Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, na ikaonekana Speke alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi, ila alikosa ushahidi wa kumfunga mtu mdomo. Jirani zangu kisimani walikuwa na kasoro zote mbili, na bado walitupa mawe.

Mnara wa Speke uko ng'ambo ya magharibi. Upande huu kuna sanamu ya Gandhi, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948. Sikuona jiwe la Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi Afrika akiwa huru, na ndiye aliyeongoza wapagazi na kutafsiri katika safari ile. Kila Bwana Msa ana Najum wake, na Najum hajengewi mnara.

Lakini kesi iliyonikalisha muda mrefu kando ya maji yale ni nyingine, na haina mnara wowote pale nilipopita. Ni ugonjwa wa malale.

Mwaka 1901 madaktari wamisionari wa Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, walianza kupokea wagonjwa waliokuwa wanasinzia, wanakonda, hatimaye hawaamki. Wengi walitoka Busoga, kwenye fukwe na visiwa vya eneo hili hili. Kwa makadirio ya historia, watu zaidi ya 200,000 walikufa pembezoni mwa ziwa katika miaka michache. Vijiji vizima viliisha. Fikiria maneno yaliyosemwa visimani wakati huo, na wangapi walinyoshewa kidole.

Mwaka 1902 wanasayansi wa Uingereza wakatuma tume. Kijana wa Kiitalia aliyekuwemo, Aldo Castellani, alimkamata kwanza asiyehusika: alidai kwamba mkosaji ni bakteria fulani. Baadaye, akichunguza maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akaona kijidudu kingine kinachojinyonganyonga. Mwaka 1903 akafika David Bruce, aliyekuwa amekwisha kukiona kijidudu cha jamii hiyo kwenye ng'ombe wa Afrika Kusini, kikibebwa na mbung'o. Bruce alifanya jambo ambalo Bwana Msa angelipenda. Kwa msaada wa katikkiro Apolo Kagwa, aliomba machifu na wamisionari wamletee nzi kutoka kila mahali, pamoja na jina la mahali nzi aliposhikwa. Kisha akachora ramani mbili: ya ugonjwa, na ya mbung'o. Akazilinganisha. Penye malale, mbung'o wapo, kandokando ya maji. Mkosaji alikuwa nzi, na ushahidi aliuokota mwananchi wa kawaida, ambaye jina lake halikuandikwa.

Malizio ya kesi ile hayakuwa matamu. Kuanzia 1906 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu kwa amri kutoka fukweni na visiwani. Waliacha mashamba, makaburi na mitumbwi, na sehemu kubwa ya pwani hiyo ilibaki bila watu kwa miaka mingi. Sisi wa Kyangwali tunajua kuhamishwa ni nini. Hata jibu likiwa sahihi, kuna anayelilipia.

Nikarudi kuwachukua. Kutoka Jinja taksi ilipita Iganga, ikashika barabara ya Tirinyi. Huko ni tambarare, mpunga pande zote mbili, maji ya Mpologoma yametuama. Kisha mlima ukainuka mbele: Masaba, ambao ramani zinauita Elgon, na ukuta wa Wanale umesimama juu ya mji wa Mbale na maporomoko membamba kama uzi mweupe.

Mbale nao una kisa chake. Aliyeuanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewapigania Waingereza mashariki ya Uganda akitumaini watamfanya mfalme. Hawakumfanya. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitulia hapa, akachora barabara na kupanda miti. Baadaye akajiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali. Kakungulu alikataa ng'ombe wake wasichanjwe, akagombana na serikali kwa ajili hiyo. Mwaka 1919 akaachana nao, akaifuata dini ya Kiyahudi, na wafuasi wake, Abayudaya, bado wapo kwenye vilima karibu na mji. Alifariki 1928. Simcheki. Aliyedanganywa mara nyingi na wakubwa ana sababu ya kutoamini sindano yao. Lakini ona mambo ya dunia: katika mji wa mtu aliyekataa dawa ndiko leo wanakopelekwa watoto wenye maji kichwani, kutoka Uganda nzima na nchi jirani.

Hospitalini tulikuta akina mama wengi, kila mmoja na mtoto aliyefunikwa kichwa kwa kitenge. Dada yangu aliingia mlangoni, akatazama huku na huku, kisha akafunua cha kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili. Mama mmoja Mteso akamsogezea nafasi kwenye benchi. Hawakuwa na lugha moja, lakini walielewana.

Daktari alikuja na daftari letu la hospitali, lile la shule ambalo kila mgonjwa wa Uganda ananunua dukani. Nilidhani ataanza na kichwa. Akaanza na maswali. Mtoto alizaliwa wapi? Kitovu kilikauka siku ya ngapi? Aliwahi kupata homa? Lini? Degedege? Alikataa kunyonya? Dada akasema ndiyo, alipata homa kali wiki ya tatu, tukaenda kituo cha afya, akachomwa sindano siku kadhaa, akapona. Daktari akafungua kurasa, akaweka kidole. "Hii hapa. Machi." Akatueleza polepole, nesi akitafsiri kwa Kiswahili: homa ile iliingia kwenye ubongo wa mtoto. Ilipopona iliacha makovu kwenye njia ndogo ambazo maji ya ubongo hupitia. Maji yakakosa pa kutokea, yakaanza kujaa. Kichwa huchukua wiki kadhaa hadi watu wakione.

Huo ujuzi nao ulipatikana kwa upelelezi, na sehemu kubwa ulifanyika pale pale. Mwaka 2000 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia Mbale na familia yake. Vitabu vyake vya kizungu vilimwambia kwamba watoto wa namna hii wengi wanazaliwa nayo. Yeye na wenzake wa Uganda wakahesabu wagonjwa 300 mfululizo, na mwaka 2005 wakachapisha: zaidi ya nusu waliugua baada ya maambukizi, na wengi wa hao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Hapo tiba nayo ikabidi ibadilike. Ulaya na Marekani humwekea mtoto mrija wa kutoa maji kichwani, lakini mrija huziba, na mtoto wa kijiji cha mbali mrija ukiziba usiku anaweza kufa kabla ya gari kupatikana. Warf akaendeleza njia ya kuingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo, kutoboa njia mpya ya maji, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Njia hiyo ilitoka Mbale, sasa inafanywa hata hospitali za Marekani.

Ikabaki swali: nani hasa anayewaambukiza? Maabara ilipojaribu kuotesha vijidudu kutoka kwenye maji ya vichwa vya watoto, mara nyingi hakikuota kitu. Mkosaji alikuwa anajificha. Watafiti, Steven Schiff na wenzake, wakachukua takwimu za mvua kutoka satelaiti, wakazilinganisha na tarehe za wagonjwa na vijiji vyao. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba ugonjwa unapanda na kushuka pamoja na mvua. Ramani mbili tena, kama za Bruce! Halafu mwaka 2020, baada ya kusoma vinasaba katika maji ya ubongo ya watoto 100, timu ya Uganda na Marekani ikamtaja mshukiwa mmoja mkubwa: bakteria wa jamii ya Paenibacillus. Aina moja waliyoipata wakaipa jina la mji. Inaitwa Mbale.

Usiku ule, dada na mtoto wakiwa wodini, nilikaa nje nikiwaza. Conan Doyle alikuwa daktari. Alisomea Edinburgh, na Holmes alimtoa kwa mwalimu wake, daktari Joseph Bell, aliyeweza kumtazama mgonjwa na kutaja kazi yake kabla hajafungua mdomo. Na Muhammed Said Abdulla, kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alifanya kazi miaka kumi kama mkaguzi katika idara ya afya ya Zanzibar. Bwana afya! Basi kumbe mpelelezi wetu alitoka hospitali tangu zamani, na kumfuata hadi wodi ya Mbale hakukuwa kumpoteza njia. Nilifika kwao bila kuvuka mpaka.

Kisha nikafungua lile daftari kwa mwanga wa simu. Homa: Machi, tarehe imeandikwa, muhuri upo. Nikajiuliza maswali madogo madogo. Bibi yule alihamia lini jirani yetu? Nilikumbuka vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilimbebea godoro, na ilikuwa wiki ya Pasaka, Aprili. Mtoto alikuwa ameugua na kupona zamani. Kabla ya Aprili bibi alikuwa anaishi upande wa pili wa kambi. Hakuwahi kumgusa, wala hakujua kama amezaliwa.

Sisi wote tulihesabu kuanzia siku tuliyoona kichwa. Tulikuwa tunachunguza siku isiyo yake. Mambo yalitokea Machi, na mtu tuliyemnyoshea kidole hakuwepo. Daftari lilikuwa ndani ya nyumba muda wote, chini ya mto wa dada, na bloku nzima inajua kusoma tarehe.

Mtoto alifanyiwa upasuaji. Kichwa kimeacha kukua. Daktari alituambia wazi kwamba yale yaliyoharibiwa na homa hayarudi yote, na tungoje tuone atakaa lini, ataona vizuri kiasi gani. Leo ana mwaka na miezi kadhaa. Anakaa akiegemezwa, anageukia sauti ya mama yake, na ananicheka mimi mjomba wake nikikohoa. Tunarudi Mbale kupimwa kila tunapoitwa.

Tuliporudi Kyangwali nilikwenda na dada kwa bibi. Nilichukua daftari. Nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, tarehe hii, tarehe ile, kama wakili. Alinisikiliza hadi mwisho. Akamchukua mtoto, akampapasa kovu dogo kichwani. Akasema, "Mwanangu, si mngeniuliza tu?"

Sikuwa na jibu. Jumapili, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa bloku, nilisimama baada ya mkutano nikasoma zile tarehe mbili mbele ya watu. Wengine walikuja kumwomba msamaha. Wengine hadi leo wanawavuta watoto wao wakipita mlangoni kwake. Bati lake bado lina alama za mawe.

Kwenu mnaofanya kazi ya misaada: mnapokuja kutuhoji mna karatasi ndefu za maswali. Yule daktari wa Mbale alituuliza kwanza kilichotokea, na lini, na akangoja jibu. Hakutuuliza kwa nini tulichelewa. Dada yangu aliongea siku ile kuliko alivyoongea mwezi mzima. Na mtu akikwambia kwamba mtoto amelogwa, usicheke. Ametoa jibu lisilo sahihi kwa swali la kweli. Msaidie kwenye tarehe.

Na kwenu wandugu wa bloku zote: mtoto mchanga akipata homa mwezi wa kwanza, msingoje asubuhi, mpelekeni. Homa ikipona, endeleeni kumpima kichwa kwa utepe kila kliniki. Na daftari la hospitali msilichane kuwashia moto, hata likijaa. Liwekeni pakavu.

Jumamosi tunaendelea na kitabu. Tumefika mahali ambapo kila mtu ana uhakika wake.